Magwangala Kifuani

Kabla sijalikata jiwe lolote, hulisogezea sumaku. Sumaku yenyewe niliing'oa kwenye spika ya redio mbovu nikaifunga uzi wa pamba ili ining'inie. Nikiipitisha juu ya jiwe jeupe la kwatsi, inatulia tu. Nikiipeleka juu ya lile la milia, jeusi kwa jekundu kwa kijivu, uzi unakwenda upande kabla sumaku haijagusa, kama mtu aliyesikia anaitwa. Hapo najua jiwe lina chuma cha kutosha, na kwamba likimaliza msasa wa mwisho, ile milia myeusi itang'aa kama maji ya kisima usiku.

Watoto wanaopita karakana wakitoka shule hupenda kuona uzi ukipinda. Wakubwa huuliza swali moja tu: "Humo ndani kuna dhahabu?" Nawajibu kwamba hamna, na kama imo, ni kidogo mno hata mgodi wenye mitambo ya mabilioni umeona hailipi kuitoa. Hili ni gwangala.

Kwa asiyetoka huku Geita: magwangala ni mawe yaliyochimbwa mgodini yakatupwa kwa kuwa dhahabu yake haifidii gharama. Vilima vya Geita vina mwamba wa milia, tabaka la chuma juu ya tabaka la jiwe jekundu, uliojilaza chini ya maji zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, kabla hata samaki mmoja hajawapo. Dhahabu ilikuja baadaye ikapenya kwenye nyufa. Wajerumani waliiona mwaka 1898. Waingereza wakachimba tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi ule wa zamani ulipofungwa 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000. Wakati wote huo hesabu ni ileile: unavunja tani nzima ya mwamba kwa ajili ya gramu chache, na kinachobaki kinakuwa kilima kipya. Watu wa jirani wameyaomba mawe hayo kwa miaka mingi, vikundi vya vijana na kina mama, ili wayasage upya wajipatie riziki, na zipo nyakati walipopewa. Kwao gwangala ni dhahabu iliyosahauliwa. Mimi nanunua kwenye vikundi vipande wanavyoviona havina kitu, na ninachokitafuta ni jiwe lenyewe.

Mimi ni sonara. Nimekaa kwenye meza ya usonara zaidi ya nusu ya umri wangu, na kwa miaka mingi sasa dhahabu siigusi ila nimeletewa cheni ya kuunga.

Mama yangu aliponda mawe kwenye machimbo ya Nyarugusu, Geita. Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa ubavuni pake kwenye gunia, na ninayoikumbuka zaidi ni mikono yake kuliko uso wake, kwa sababu uso ulikuwa mweupe kwa vumbi kama wa mtu anayetoka mashine ya kusaga unga. Kina mama wapondaji walikuwa na kifaa chao, nacho ni kipete kilichokatwa kwenye mpira wa gurudumu, kipana kiasi cha kiganja. Unakilaza juu ya jiwe kubwa la kupondea, unaweka ndani yake kijiwe chenye dhahabu, unapiga nyundo. Mpira unazuia vipande visiruke. Bila kipete hicho nusu ya riziki inapotelea mchangani, na nusu nyingine inakupiga jichoni. Ile ndiyo pete ya kwanza niliyoiona katika maisha yangu ikishika jiwe. Nilipokuja kufundishwa namna ya kukunja ukingo wa chuma kuzunguka kito ili kisitoke, fundi wangu alishangaa nilivyoshika haraka.

Mama alikuwa akiponda kavu. Wote waliponda kavu, kwa kuwa maji yalinunuliwa kwa ndoo na malipo yao nayo yalikuwa kwa ndoo, ya mawe yaliyokwisha kuwa mchanga. Kikohozi chake kilianza mimi nikiwa darasa la tano. Kwanza tuliambiwa ni kifua kikuu, akameza dawa akamaliza, kikohozi kikabaki. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alitueleza kwa utaratibu kwamba jiwe jeupe, likivunjwa, linatoa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho, linalofika chini kabisa ya mapafu na kuyatia makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Kwa hiyo jambo la kwanza mwanafunzi analojifunza kwangu ni maji, hata kabla ya kujifunza urembo. Juu ya msumeno wangu nimening'iniza chupa iliyotobolewa, inadondosha maji tone kwa tone pale diski inapokutana na jiwe, na anayekata kavu hata sekunde moja anatoka mezani siku hiyo. Nimewahi kumtoa kijana mwenye kipaji kikubwa kuliko wote niliowafundisha. Alirudi kesho yake, akajaza chupa kabla ya kunisalimia.

Usonara nilijifunzia Mwanza, kwenye duka la mzee mmoja aliyeurithi kwa baba yake. Huko ndiko nilikojua kwamba dhahabu ya pete ya kareti 18 ni sehemu 18 kati ya 24, zilizobaki ni shaba na fedha, na kwamba hakuna dhambi katika hilo maadamu mteja ameambiwa. Mzee alikuwa akirudia neno hilo: maadamu ameambiwa. Jioni tulifagia meza, tukafagia sakafu, tukakung'uta aprini, vumbi lote likaingia kwenye kopo. Baada ya miezi lilichomwa na kuyeyushwa, likatoa dhahabu ya pete mbili tatu. Nilifikiria sana juu ya kopo lile. Nyarugusu mama alikuwa anatafuta vumbi ndani ya jiwe, na Mwanza mimi nilikuwa nalitafuta chini ya viti.

Nilirudi Geita nikiwa na koleo, tupa, bomba la kupulizia moto na ndoto ya kuwa na duka. Ndoto ikagonga bei. Mtu wa hali yangu asingeweza kuweka hata gramu ishirini mezani zikae zinasubiri mteja. Na wachimbaji waliponiletea dhahabu yao niiyeyushe, mara nyingi ilikuwa imetoka kukamatwa kwa zebaki na kuchomwa kijuujuu. Ukiipa moto inatoa mvuke usioonekana wala kunusika, nao ni sumu inayokwenda kwenye ubongo na kwa mtoto aliye tumboni. Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Nikalifunga jiko la kuyeyushia. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, mkataba wenyewe ni wa 2013. Wakati wangu hakuna aliyekuwa akilizungumza jambo hilo sokoni, ilikuwa ni wewe na bahati yako.

Ndipo nilipolifungua kopo la bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa Msukuma wa Kishapu, na alipofariki alituachia kopo la kahawa lenye sambo. Sambo ni pete za miguuni. Kina bibi wa Usukumani na Unyamwezini walizivaa nyingi kwa pamoja, zikapanda mguuni, zikalia kila hatua. Ya kwetu moja ilikuwa imekatika, nikaifungua pale ilipokatika kwa ncha ya sindano nione ilivyotengenezwa. Ndani kulikuwa na singa za mkia wa ng'ombe zilizolazwa pamoja. Nje kulizungushwa waya wa shaba mwembamba, duara baada ya duara, zimekaa kwa karibu hata ukucha hauwezi kuingia kati. Hakuna gundi, hakuna moto. Nilijaribu kuhesabu mizunguko katika urefu wa kidole kimoja, macho yakachoka kabla sijafika nusu. Aliyeifanya kazi ile alikuwa na subira ambayo mimi, na vyeti vyangu vya Mwanza, sikuwa nayo.

Na waya huo ulitoka wapi? Ulitoka pwani. Misafara ya karne ya 19 iliyopita Unyamwezi ilibeba shanga, merikani na koili za waya, na huku bara waya ule ulikuwa ni fedha ya kununulia chakula na kulipia njia. Fundi wa kijijini akauvuta ukawa mwembamba, akauvika singa za ng'ombe. Vibangwa vya konokono wa Bahari ya Hindi, ambavyo wakubwa walivivaa shingoni, navyo ni gamba tu la mnyama wa baharini, lililotembea miezi mpaka likawa heshima. Upande wa Geita na Buzinza, Warongo waliyeyusha chuma wakafua majembe, na jembe likawa la kuolea mke. Kwa hiyo mtu akija karakana kwangu akaniambia kwamba nimebuni jambo jipya, kutengeneza mapambo kwa vitu visivyo vya kawaida, namwonyesha sambo. Kwetu hapakuwa na kitu cha kawaida na kisicho cha kawaida. Palikuwa na kilichopatikana na mkono uliojua la kufanya.

Waya wangu mimi unatoka kwenye mota. Karasha nyingi za kusagia mawe zinazungushwa na mota, na mota ikiungua fundi anaivua koili zote na kuiwaindi upya. Shaba ya zamani anaiuza kwa kilo. Nanunua kwa fundi ninayemjua na nadai risiti, maana waya unaokatwa usiku kwenye nguzo za umeme nao huja sokoni ukiwa na sura ileile, na sitaki mtaa ulale gizani kwa ajili ya hereni. Wauzaji wa chakavu huchoma koili ili ile vanishi iondoke. Moshi wake unawasha koo mtaa mzima. Sisi tunakwangua kwa wembe, polepole, tukizungumza. Ni kazi ya wanawake wanne na hadithi nyingi.

Pembe nazichukua machinjioni, Shinyanga mjini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pembe ndiyo iliyonifundisha adabu. Pembe ya ng'ombe ni ala iliyovishwa juu ya kiini cha mfupa. Ukiiloweka wiki mbili tatu nyama inayokishika kiini inaoza, kiini kinalegea, ukiigonga kwenye gogo kinachomoka chenyewe. Harufu yake siwezi kuipamba, ndiyo maana mapipa yangu yako mbali na nyumba. Baada ya hapo unaosha, unakausha kivulini, unakata kwa msumeno wa chuma. Ncha ni ngumu, imejaa, inafaa vishikizo na shanga. Ukuta wa katikati ndio wa bangili. Ukiupasha katika mafuta ya moto unalegea kama ndala iliyoachwa juani, unaweza kuukunja au kuulaza bapa kati ya mbao mbili. Mafuta yakizidi moto kidogo tu, pembe inatoa mapovu na kunuka nywele zilizoungua, na kipande hicho umekwisha kukipoteza. Halafu msasa, wa kukwaruza kwanza, namba zikipanda mpaka ule laini kama karatasi ya daftari, na mwisho kitambaa chenye jivu na mafuta. Ikitoka hapo, ukiielekeza dirishani, unaona mwanga wa asali ndani yake na vijistari vyeupe ambavyo havifanani kwa ng'ombe wawili.

Masika ya mwaka mmoja nilipokea kazi ya bangili arobaini za harusi. Nikazikunja, nikazing'arisha, nikazikabidhi kwa haraka ya mwenye njaa. Kiangazi kilipoingia, upepo mkavu ukazinyonya unyevu; kufikia Agosti zilikuwa zimefunguka kama midomo. Mama wa bibi harusi alizirudisha zote kwenye beseni. Hakunigombeza. Aliliweka beseni chini akasema, "Mwanangu, hizi hazikuwa tayari kutoka nyumbani." Nilimrudishia fedha yake yote, ikanichukua miezi minane. Tangu hapo kipande cha pembe kinakaa kati ya mbao kimefungwa kamba mpaka msimu ubadilike, na mteja mwenye haraka namshauri achukue shaba.

Gwangala ndilo lililokuja mwisho. Mawe yale ya milia nilikuwa nimeyakanyaga tangu utotoni, yamemwagwa barabarani, yameshikilia kingo za mifereji, bila kuyaona. Siku moja mvua ilinyesha nikiwa nimesimama kwenye kibanda, na maji yakaliosha jiwe moja mbele yangu. Nyekundu ikaiva, nyeusi ikazama, na kati yake ukapita mstari wa kijivu mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikalichukua. Lilinichukua wiki mbili kulikata, kwa sababu chuma na jiwe jekundu havina ugumu sawa: ukilibana sana kwenye diski, mlia mwembamba unakatika mahali rangi zinapokutana. Nilipoteza vipande sita. Cha saba nikakisugua kwa namba 220, 400, 600, 1200, mpaka 3000, maji yakidondoka wakati wote, maji yenyewe yakitoka mekundu kama ya udongo wa kichuguu. Nikakivika ukingo wa shaba ya mota, nyuma nikaweka pembe ili shaba isitie kijani ngozi ya mvaaji, nikakifunga kwa uzi wa pamba uliosokotwa. Nikakivaa kifuani kwenda sokoni. Mwanamke wa kwanza aliyeniuliza bei alikuwa mponda mawe.

Hiyo ilinipa furaha, kisha ikanitisha, kwa sababu ya jambo nililotaka kulisema tangu mwanzo wa ushuhuda huu.

Kwetu huku kila mtu ana ndugu aliyetapeliwa kwa dhahabu. Unga wa shaba nyeupe unachanganywa na dhahabu kidogo. Kipande cha chuma kinapakwa juu. Mtu anauza ng'ombe wanne anarudi na jiwe lisilo na thamani. Soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, likiwa na mizani na vipimo hadharani, wachimbaji wadogo wengi walivuta pumzi. Lakini mapambo hayapimwi pale. Muda si mrefu baada ya kazi zangu kujulikana, alikuja mfanyabiashara na oda kubwa, kubwa kuliko mapato yangu ya mwaka. Alitaka cheni za waya wangu wa shaba, zipakwe rangi ya dhahabu, na jiwe la milia kati. "Watu wanapenda kinachong'aa," alisema. Hakusema uongo, watu wanapenda. Nikamwuliza: mtamwambia mnunuzi ni shaba? Akacheka. Nilikuwa na ada ya watoto wawili mbele yangu, na mashine ya kusugulia iliyokufa beringi. Nikakataa. Usiku ule sikulala, na siandiki haya kwa kujisifu. Asubuhi nilitamani kumfuata. Ila nilimkumbuka mzee wa Mwanza. Maadamu ameambiwa.

Ndiyo maana kila kipande kinachotoka kwangu kina kikaratasi kinachotaja kila kitu kwa jina lake: gwangala la Geita, waya wa mota, pembe ya ng'ombe wa Shinyanga, pamba. Duka moja la watalii, mji wa mbali, lilichukua kazi zangu thelathini. Nilipopita huko baada ya miezi mitatu nilikuta vikaratasi vimeondolewa, badala yake vimewekwa vingine vya kigeni vilivyosema ni jiwe takatifu la mababu. Nilizichukua zote nikaondoka nazo kwenye mfuko wa rambo. Jiwe lile halikuwa takatifu kwa mababu wa mtu yeyote ninayemjua. Lilitupwa na mgodi, likaokotwa na wanawake, na hiyo ndiyo habari yake. Nani amewaambia kwamba haitoshi?

Kuna pambo moja lililotoka kanda yetu ambalo dunia nzima inalijua. Mwaka 1940 John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Oktoba 1947 ikapatikana moja ya rangi ya waridi, karati zaidi ya 54, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake ya Novemba. Ikakatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 nyumba ya Cartier London ikaitengenezea bruchi ya umbo la ua, iliyobuniwa na Frederick Mew, almasi ya Mwadui ikiwa moyo wa ua. Nimeitazama picha yake mara nyingi kwa jicho la kazi, na nasema wazi: ni kazi safi sana. Kila petali imepinda kama inavyopinda ya kweli. Ninamjua aliyetoa jiwe, aliyepewa, aliyebuni. Katika habari zote nilizosoma sijakuta jina la aliyeliokota. Mwaka 2021 nyingine ya waridi kutoka Mwadui, karati 32.32, iliuzwa dola milioni 13.8. Kutoka Maganzo, kijiji kilicho mlangoni mwa mgodi ule, nimepata wanafunzi wawili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa amewahi kuiona almasi iliyokatwa.

Walionitia moyo ni watu ambao sijakutana nao. Sanaa Gateja wa Uganda ni mmoja. Naye alisomea usonara, London, akarudi nyumbani akaanza kukunja makaratasi ya kutupwa kuwa shanga, akawafundisha wanawake wengi mpaka shanga za karatasi zikawa kazi ya mikono inayotambulika Uganda nzima. Mwaka 2024 kazi zake zilikuwa katika banda la Uganda kwenye maonesho ya Venice. Nairobi yupo Ami Doshi Shah, anayeunganisha shaba nyeupe na kamba na hata chumvi, na Cyrus Kabiru anayeunda miwani kwa vyuma vya jalalani. Ninapomtazama Kabiru naona kwamba haifichi skrubu. Skrubu ni skrubu, ipo juu ya pua, inakutazama.

Lakini aliyenikosesha usingizi ni Otto Künzli, sonara mzaliwa wa Zürich aliyefanyia kazi München. Mwaka 1980 alichukua bomba jembamba la mpira mweusi, akasukumia ndani yake gololi ya dhahabu, akaunganisha ncha mbili. Bangili. Kwa nje unaona mpira umevimba mahali pamoja, basi. Jina aliloliita ni Gold macht blind, yaani dhahabu hupofusha. Aliyeinunua hana njia ya kuiona dhahabu yake ila aikate bangili, na akiikata ameiharibu. Inabidi amwamini fundi. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga karakana mapema, nikatembea mpaka nje ya mji. Nilijiuliza: mtu wa Katoro, huku kwetu Geita, aliyekwisha kuuziwa shaba akiambiwa dhahabu, angeivaa bangili ile? Na kama ningeitengeneza mimi, ndani ningeweka nini?

Jibu lilikuwa kwenye ndoo chini ya meza. Kwenye makarasha ya kusagia, ndani ya pipa linalozunguka, huwamo gololi za chuma zinazoyasaga mawe. Zinaingia kubwa kama ngumi ya mtoto. Zinasaga na kusagika, mwaka baada ya mwaka, mpaka zinapobaki kama korosho hazina nguvu tena zinamwagwa. Nilikuwa nazo nyingi, nimeziokota kwa kuzipenda tu, bila matumizi. Hakuna mbili zinazolingana umbo. Nikachagua moja, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakikunja mara mbili na kukishona kwa waya mwembamba kwa mtindo wa sambo, mzunguko kwa mzunguko, gololi ikiwa ndani. Kikaratasi nikaandika: mpira wa tyubu, waya wa mota, na ndani gololi ya karasha iliyokwisha kazi. Bangili hiyo niliiweka mezani, pamoja na nyingine za aina yake, kwenye maonesho ya madini ya Bombambili, hapa Geita. Wengi waliibonyeza pale ilipovimba, wakatabasamu, wakauliza kama kweli si dhahabu. Afisa mmoja kijana aliishika muda mrefu, akasema baba yake alikuwa mwendesha karasha. Alinunua mbili.

Ya kwanza sikuiuza. Nilimpelekea mama.

Siku hizi hatoki sana, anakaa barazani na anazungumza kwa vipande, kati ya kikohozi na kikohozi. Niliiweka kiganjani pake bila kumsomea kikaratasi. Aliipima uzito kwanza, kama wanavyofanya wote waliopitia machimbo. Akaibonyeza. "Chuma," alisema. "Cha karasha." Sikujua amejuaje. Nilingoja aivae. Badala yake aliilaza juu ya stuli iliyokuwa mbele yetu, akainyoosha kwa vidole mpaka ikawa duara kamili. Kisha akanyoosha mkono kwenye kikapu changu, akachagua gwangala dogo la milia, akaliweka katikati ya mpira. Lilikaa sawasawa, halikugusa ukingo. Akalitazama. Mkono wake wa kulia ukajikunja polepole kama unaoshika mpini wa nyundo, ukapanda, ukasimama hewani.

"Leta maji kwanza," aliniambia.